Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja: Mwongozo kwa Mwenye Gari Kuukuu

Utangulizi

Sehemu kubwa ya magari yanayotembea katika barabara zetu iliingia nchini ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na baada ya kuwasili huendelea kutumika kwa miaka mingi. Kiyoyozi, ambacho wengi wetu hukiita AC, ni miongoni mwa mifumo inayodhoofika mapema katika magari hayo. Chumvi ya hewa ya pwani hula mabomba yake, vumbi la bara huziba mapezi yake, na mpira wa viungo vyake hukauka kadiri umri unavyosonga.

Mwenye gari anapoona hewa itokayo kwenye dashibodi haina ubaridi, kwa kawaida huenda kwa fundi, huambiwa kwamba gesi imeisha, hujaziwa, hulipa na kuondoka akiwa ameridhika. Wiki chache baadaye joto hurudi, naye hurudi kwa fundi yuleyule au kwa mwingine. Somo hili limeandaliwa ili kumsaidia mlaji kuuvunja mzunguko huo wa gharama. Baada ya kulisoma, mlaji anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza kwa nini gesi ya kiyoyozi hupungua;
(b) kutambua hitilafu zisizohusiana na gesi kabla ya kulipia gesi;
(c) kufuatilia hatua za ujazaji sahihi na kuuliza maswali yanayofaa;
(d) kukataa gesi na njia zinazohatarisha maisha, gari na mazingira;
(e) kudai haki yake pale huduma inapokuwa duni.

1. Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Mtungi wa udongo hupooza maji kwa sababu unyevu unaopenya kwenye kuta zake hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyomo. Kiyoyozi cha gari hutumia kanuni hiyohiyo, isipokuwa kimiminika chake kimefungiwa ndani ya mabomba na hutumika tena na tena.

Safari ya gesi ina vituo vinne. Kwanza ipo kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Hii huibana gesi hadi ikawa na presha kubwa na joto kali. Pili, gesi hupita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako upepo na feni huipunguzia joto ikageuka kimiminika. Tatu, kimiminika hicho hupenyezwa kwenye tundu jembamba la vali, na presha yake hushuka ghafla. Nne, huingia kwenye evapureta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambamo hugeuka mvuke na kunyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Kisha mvuke hurejea kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Katika njia hiyo kuna mambo mengine mawili ambayo mlaji apaswa kuyafahamu. La kwanza ni draya, kikopo chenye chembechembe zinazofyonza unyevu. La pili ni oili maalumu inayosafiri pamoja na gesi na kuilainisha kompresa. Gesi ikipungua, oili haizunguki ipasavyo, na kompresa huanza kujisaga yenyewe.

2. Kwa nini "gesi imeisha" si maelezo ya kutosha

Petroli huisha kwa sababu injini huiunguza. Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi wala hailiwi na kitu chochote. Hupita katika vituo vile vinne na kurudi ilikoanzia. Ni kweli kwamba kiasi kidogo hupenya polepole kwenye mipira na viungo, hivyo gari lililokaa miaka mingi bila kuguswa laweza kuhitaji kuongezewa. Lakini gari lililojazwa mwezi uliopita na leo halina gesi lina mahali panapovuja, na fundi asiyepatafuta mahali hapo hajamaliza kazi yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kujaza gesi hugharimu shilingi 60,000, na mwenye gari hujaza mara nne kwa mwaka kwa kuwa kila mara huambiwa imeisha. Mwaka ukiisha atakuwa ametumia shilingi 240,000, na kile kitundu bado kipo. Huenda chanzo kilikuwa pete ya mpira iliyokauka kwenye kiungo cha bomba, kifaa kidogo kuliko pete ya kidoleni na cha bei ndogo kuliko ujazaji mmoja.

Hasara haiishii kwenye fedha za gesi. Gesi inapovuja huondoka na sehemu ya oili. Mfumo ukibaki mtupu, hewa na unyevu huingia, na unyevu ukichanganyika na gesi pamoja na oili hutengeneza asidi inayokula vyuma kwa ndani. Kompresa ikisagika, vumbi lake la chuma husambaa katika mabomba, kondensa na vali. Hapo mwenye gari hulazimika kubadilisha vifaa kadhaa kwa mkupuo, kwa gharama inayozidi kwa mbali ile ya kutafuta uvujaji mapema.

Watengenezaji wa magari waliliona hilo, wakaweka swichi inayozuia kompresa kuwaka pale presha inaposhuka mno. Wapo wanaoikwepa swichi hiyo kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kompresa izunguke hata kama gesi ni haba. Mlaji asikubali jambo hilo hata kwa siku moja, kwani ni sawa na kuendesha injini isiyo na oili.

3. Uchunguzi unaoweza kuufanya mwenyewe

Si kila kiyoyozi kisichopoza kina upungufu wa gesi. Kabla ya kumtafuta fundi, mlaji aweza kuyachunguza mambo yafuatayo bila kifaa chochote.

*Hewa hutoka kwa unyonge, ingawa ina ubaridi.* Chunguza filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi madogo ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Filta iliyojaa vumbi na majani huizuia hewa kupita, na kuibadilisha hugharimu kidogo.

*Ubaridi hupatikana gari linapokwenda, lakini hupotea kwenye foleni.* Dalili hii huelekeza kwenye feni ya kondensa au kondensa iliyoziba. Washa injini na kiyoyozi, kisha tazama bila kusogeza mikono: katika magari mengi feni ya umeme iliyo mbele inapaswa kuzunguka. Tazama pia kama mapezi ya kondensa yamejaa matope na wadudu.

*Kiyoyozi kinapowashwa hausikiki mlio wowote wa kompresa kushika.* Magari mengi ya zamani hutoa mlio mfupi wa "ta" pale klachi ya kompresa inaponasa. Usiposikika, chanzo chaweza kuwa fyuzi, rilei, waya, klachi yenyewe, au ile swichi ya presha iliyogundua upungufu wa gesi.

*Mkanda hulia.* Huenda umelegea au umechakaa.

*Upande mmoja hupoza na mwingine hutoa joto.* Yawezekana kijimlango kinachochanganya hewa baridi na hewa ya hita kimekwama ndani ya dashibodi. Hata hivyo, katika baadhi ya magari tofauti hiyo huletwa na upungufu wa gesi, kwa hiyo mweleze fundi jinsi ulivyoiona.

*Kuna alama za mafuta kwenye kiungo cha bomba au kwenye kompresa.* Oili hutoka pamoja na gesi na kunasa vumbi, hivyo doa jeusi lenye utelezi mahali pa kiungo ni ushahidi mzuri wa uvujaji. Mwoneshe fundi.

Maji safi yanayodondoka chini ya gari wakati kiyoyozi kinafanya kazi si hitilafu. Ni unyevu wa hewa ulioganda kuwa matone kwenye evapureta, na katika miji yenye unyevunyevu kama Dar es Salaam na Tanga huwa mengi. Maji hayo yakianza kulowesha zulia la ndani badala ya kudondoka nje, mfereji wake umeziba na unahitaji kuzibuliwa.

4. Hatua za ujazaji ulio sahihi

Mlaji hahitaji kuwa fundi ili kujua kama kazi inafanywa ipasavyo. Inatosha ajue hatua zinazotarajiwa na mpangilio wake.

*Hatua ya kwanza: kusoma kibandiko.* Chini ya boneti, au kwenye chuma kilicho juu ya rejeta, huwapo kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Hata kama maandishi mengine ni ya Kijapani, jina la gesi na idadi ya gramu huandikwa kwa herufi na tarakimu tunazozisoma sote, kwa mfano "HFC-134a" na "450 g". Magari mengi madogo huhitaji kati ya gramu 400 na 600. Magari ya abiria wengi yenye kiyoyozi cha nyuma huhitaji zaidi. Kipige picha kibandiko hicho kwa simu na uitunze, kwani hufutika kwa joto na kuoshwa.

*Hatua ya pili: kutoa gesi iliyobaki.* Fundi mwenye vifaa hutumia mashine ya kuinyonya na kuihifadhi. Kufungua bomba na kuiachia gesi hewani ni uharibifu, kama tutakavyoona mbele.

*Hatua ya tatu: kutafuta panapovuja.* Njia ziko kadhaa: povu la sabuni kwenye viungo, kifaa cha kielektroniki kinachonusa gesi, rangi maalumu inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, au kuujaza mfumo gesi kavu ya naitrojeni na kutazama kama presha inashuka. Sehemu za kuchunguzwa kwanza ni mhimili wa kompresa, viungo vya mabomba, uso wa kondensa unaopigwa na kokoto, na vali ndogo za kujazia. Upepo wa kujazia matairi haufai kwa kazi hii, kwa sababu huingiza unyevu ndani ya mfumo. Oksijeni ni marufuku kabisa; ikikutana na oili yaweza kulipuka.

*Hatua ya nne: kutengeneza.* Pete za mpira zilizokauka hubadilishwa, na kondensa iliyotoboka hubadilishwa. Kama mfumo ulikaa wazi kwa muda, draya nayo hubadilishwa, kwa kuwa chembechembe zake huwa zimekwisha kushiba unyevu. Oili iliyopotea hurudishwa kwa kipimo na kwa aina iliyoagizwa na mtengenezaji.

*Hatua ya tano: kuondoa hewa na unyevu.* Mafundi huiita kupiga vakyumu. Pampu ya umeme huunganishwa na kuachwa ifanye kazi kwa muda usiopungua dakika 30, kisha huzimwa huku geji ikitazamwa. Mshale ukianza kupanda upesi, uvujaji bado upo na kazi inarudi hatua ya tatu. Wakazi wa nyanda za juu, kama Mbeya, wafahamu kwamba hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mshale hautashuka hadi alama ileile unayoifikia Dar es Salaam. Hilo peke yake si kosa la fundi.

*Hatua ya sita: kujaza kwa uzito.* Mtungi wa gesi huwekwa juu ya mizani, na gesi huingizwa hadi gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko zitimie.

*Hatua ya saba: kupima matokeo.* Injini ikiwa inazunguka takriban mara 1,500 kwa dakika na kiyoyozi kikiwa kwenye nguvu ya juu, fundi husoma presha ya pande zote mbili. Katika magari mengi yanayotumia R-134a, hewa ikiwa na nyuzijoto 30 hadi 35, upande wa presha ndogo husoma kama psi 20 hadi 36, na upande wa presha kubwa kama psi 200 hadi 230. Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa pale kinapotofautiana na viwango hivi.

Kwa nini mizani, wakati geji ipo?

Swali hili huulizwa mara nyingi, nalo ndilo kiini cha somo hili. Mfumo unapokuwa umezimwa, sehemu ya gesi huwa kimiminika na sehemu huwa mvuke. Maadamu kimiminika kimebaki hata kidogo, presha hufuata joto la mahali na haionyeshi wingi wa gesi. Kwa R-134a, joto la nyuzi 30 litaipa geji usomaji wa takriban psi 97, ziwe zimo gramu 200 au gramu 500. Kwa hiyo fundi anayetazama geji gari likiwa limezimwa na kutangaza kwamba "gesi imo ya kutosha" hajapima wingi wake.

Geji za injini ikiwa inafanya kazi husaidia zaidi, lakini nazo huathiriwa na joto la siku, feni, na usafi wa kondensa. Gesi ikipungua, ubaridi hupungua. Lakini gesi ikizidi, ubaridi hupungua vilevile, presha hupanda, injini hulemewa, na kompresa huumia. Makopo madogo hukuza tatizo hili. Kopo la gramu 340 halitoshi kwa gari linalohitaji gramu 450, na makopo mawili yakimwagwa yote yanazidisha gramu 230, yaani zaidi ya nusu ya kiasi kinachotakiwa. Bila mizani, fundi hukisia tu, na mlaji ndiye anayelipia kosa la makisio.

5. Gesi ipi kwa gari lipi?

Magari yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yalitumia R-12. Gesi hiyo ni ya kundi la kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, na uzalishaji wake ulikomeshwa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kwa nchi zinazoendelea ukomo ulikuwa mwaka 2010. Magari yaliyofuata hutumia R-134a, na haya ndiyo mengi katika barabara zetu leo. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hutumia R-1234yf. Gesi hizi tatu hazichanganywi, na vichwa vya kujazia vimetengenezwa tofauti makusudi ili kuzuia makosa.

Gari la R-12 laweza kubadilishwa litumie R-134a, lakini kazi hiyo ni zaidi ya kumimina gesi mpya. Oili ya zamani hutolewa na kuwekwa inayopatana na gesi mpya, draya hubadilishwa, pete za mpira hukaguliwa au kubadilishwa, vichwa vya kujazia hubadilishwa, na kibandiko kipya hubandikwa. Kiasi cha R-134a kwa kawaida huwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 uliokuwa umeagizwa.

Mlaji ajihadhari na mambo matatu.

*Gesi ya kupikia.* Wapo wanaoijaza kwenye kiyoyozi kwa sababu ni rahisi kupatikana na kweli hupoza. Lakini evapureta imo ndani ya gari, karibu na miguu ya abiria. Ikitoboka, gesi inayoshika moto hujaa kwenye chumba kilichofungwa, na cheche moja ya swichi au kiberiti yaweza kuleta maafa. Gari la R-134a halikuundwa kwa hatari hiyo.

*Gesi bandia.* Rangi ya mtungi na maandishi yake si uthibitisho wa kilichomo. Imewahi kugundulika mitungi iliyoandikwa R-134a ikiwa imechanganywa na kemikali ya kloridi ya methili, ambayo humenyuka na alumini na kutengeneza kitu kinacholipuka kikikutana na hewa. Mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi iliyojazwa gesi chafu ililipuka nchini Vietnam na Brazil na kuua mafundi. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, dai risiti, na shuku bei iliyo chini mno kuliko ya wengine.

*Oili isiyofaa kwenye magari ya haiBridi.* Katika magari mengi yanayotumia petroli na umeme, kompresa huzungushwa na mota ya umeme wa volti nyingi, na oili yake ni ya aina isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ya magari ya mkanda ikiingia humo huharibu kinga ya umeme wa kompresa. Mwenye gari la aina hii amtafute fundi aliyefunzwa kulihudumia.

6. Usalama na mazingira

Gesi inapotoka kwa ghafla huwa baridi kiasi cha kuigandisha ngozi. R-134a huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri. Ikiingia jichoni yaweza kupofusha, kwa hiyo watoto na watazamaji wakae mbali, na fundi avae miwani na glavu. Ikikutana na moto au sigara hutengeneza moshi wenye sumu. Mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha.

Tahadhari nyingine yawahusu wanaopumzika ndani ya gari lililosimama, injini na kiyoyozi vikiwa vimewashwa na vioo vimefungwa. Katika gari kuukuu bomba la moshi huweza kuwa limetoboka, na moshi wa injini una kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Watu huweza kulala na wasiamke. Usilale katika hali hiyo, wala usiwaache watoto humo.

Ama kuhusu mazingira, R-134a haiharibu ozoni, lakini huhifadhi joto la dunia takriban mara 1,400 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Gramu 450 zikiachiwa hewani zina athari ya karibu kilo 630 za hewa ukaa, kiasi kinachotolewa kwa kuunguza kama lita 270 za petroli. Kwa sababu hiyo, mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza hatua kwa hatua uzalishaji na matumizi ya kundi hili la gesi. Anayeziba uvujaji kabla ya kujaza huokoa fedha zake, na wakati huohuo huiondolea dunia mzigo.

7. Matunzo ya mara kwa mara

1. Washa kiyoyozi angalau dakika 10 kila wiki, hata katika miezi ya baridi. Oili huzunguka na kuilinda mipira isikauke.
2. Gari lililokaa juani lifunguliwe milango na vioo kwa dakika moja au mbili ili joto litoke, ndipo kiyoyozi kiwashwe. Hewa ikishapoa, tumia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.
3. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo. Maji ya mashine kali hupinda mapezi. Wakazi wa pwani wafanye hivyo mara nyingi zaidi kwa sababu ya chumvi.
4. Badilisha filta ya hewa ya ndani kwa wakati uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na mapema zaidi kama unapita barabara za vumbi.
5. Hakikisha vifuniko vidogo vya vali za kujazia vimerudishwa baada ya kila kazi. Huzuia vumbi na husaidia kuzuia uvujaji.
6. Andika tarehe, gramu zilizojazwa na jina la gereji. Kumbukumbu hii humsaidia fundi wa baadaye kujua kama mfumo unavuja na kwa kasi gani.

8. Haki na wajibu wa mlaji

Mafundi wengi hufanya kazi zao kwa uaminifu, na baadhi yao wanalalamika kwamba mteja mwenyewe ndiye husema, "Nijazie tu, nina haraka." Huduma bora hudai subira ya pande zote mbili. Kutafuta uvujaji na kupiga vakyumu huchukua muda, na fundi anayefanya hivyo anastahili malipo yake.

Kabla ya kazi kuanza, muulize fundi maswali haya:

– Umepima nini hata ukajua kwamba gesi ni pungufu?
– Utatafuta panapovuja kwa njia gani, na kwa gharama gani?
– Unatumia gesi gani, na naweza kuuona mtungi wake?
– Una pampu ya kuondolea hewa na mizani?
– Utaweka oili ya aina gani na kiasi gani?
– Nikirudi baada ya wiki mbili bila ubaridi, dhamana yako ni ipi?

Kazi ikikamilika, dai risiti ya EFD, na omba karatasi inayotaja hitilafu iliyopatikana, vifaa vilivyobadilishwa, aina ya gesi na gramu zilizoingizwa. Omba pia kuoneshwa vifaa vya zamani vilivyotolewa. Madai yasiyo na maandishi ni vigumu kuyathibitisha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Fundi anayetoza fedha za gesi ya R-134a kisha akaweka gesi nyingine, au anayelipisha kifaa ambacho hakukibadilisha, huingia katika mwenendo huo. Likikutokea, anza kwa kurudi kwa mtoa huduma ukiwa na risiti na maelezo yako, umweleze tatizo kwa utulivu na kumpa nafasi ya kurekebisha. Asipokusikiliza, andika malalamiko yako yakitaja tarehe, mahali, kiasi ulicholipa na unachodai, ambatisha nakala za risiti na picha, kisha yapeleke Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Gari lilijazwa gesi miezi miwili iliyopita, na sasa halipozi. Taja mambo mawili unayopaswa kuyataka kwa fundi kabla ya kukubali kujaziwa tena.
2. Kiyoyozi hupoza vizuri barabara ikiwa wazi, lakini hutoa joto kwenye foleni. Utaanza kuchunguza kifaa gani?
3. Fundi amepima presha gari likiwa limezimwa, akasema gesi inatosha. Kwa nini kipimo hicho hakithibitishi wingi wa gesi?
4. Kibandiko kinaagiza gramu 500. Fundi ana makopo mawili ya gramu 340 na hana mizani. Hatari iliyopo ni ipi?
5. Umeambiwa kwamba gesi ya kupikia "inapoza hata zaidi" na ni ya bei nafuu. Utajibu nini, na kwa sababu gani?

Jibu maswali haya pamoja na wenzako wanaolitumia gari, akiwamo dereva kama unaye, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayesimama mbele ya fundi kwa niaba yako. Ifahamike kwake kwamba kabla ya mtungi wa gesi kufunguliwa, swali la kwanza ni: inavujia wapi?